Barua Inapofika: Wajibu wa Mwajiri kwa Rubani Anayechunguzwa



Tarehe 21 Novemba 1989 uwanja wa ndege wa Heathrow, London, uliamkia ukungu mzito. Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakuja kutua kutoka Bahrain ikiwa na abiria 255. Waendeshaji wake walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa tumbo walipokuwa Mauritius siku chache nyuma, na rubani msaidizi alizidiwa tena humo humo safarini. Upepo wa mbele ulikuwa umekula mafuta mengi kuliko yaliyopangwa. Juu ya hayo, rubani msaidizi huyo hakuwa na idhini ya kutua katika ukungu wa kiwango kile. Wakiwa bado angani, kampuni iliombwa ruhusa maalumu, nayo ikaitoa.

Mtambo wa kujiendesha haukuyashika sawasawa mawimbi ya redio yanayoiweka ndege katikati ya barabara ya kutulia. Ndege ikapotoka upande wa kulia, nje ya uwanja. Rubani mkuu alipoirudisha juu, ilikuwa imeshuka hadi futi 75 hivi kutoka ardhini. Ikapita juu ya hoteli iliyo kando ya uwanja, kishindo cha injini zake kikiamsha kamsa za magari yaliyoegeshwa. Ikazunguka, ikarudi, ikatua salama. Hakuna aliyeumia hata mmoja.

Rubani mkuu alisimamishwa kazi. Kampuni ilimshusha cheo awe rubani msaidizi, naye akajiuzulu. Mamlaka ya anga ya Uingereza ilimpeleka mahakamani, na mwaka 1991 akatiwa hatiani kwa kuihatarisha ndege na abiria wake kwa uzembe. Alitozwa faini ya pauni 2,000 pamoja na gharama za kesi. Kampuni iliyotoa ile ruhusa haikushtakiwa. Mwaka 1992 alijiua.

Sikuja hapa kumsafisha wala kumhukumu upya. Yapo aliyoyafanya asubuhi ile ambayo marubani wanayabishania hadi leo, na kilichopita moyoni mwake baadaye hakuna awezaye kukisema kwa hakika. Ninaloomba tulitazame ni mahali aliposimama mwajiri. Ratiba ilikuwa ya kampuni, ruhusa ya kutua ilikuwa ya kampuni, ndege na mafuta ni vya kampuni. Lakini kizimbani alipanda mtu mmoja.

Hoja yangu jioni ya leo ni hii. Mwajiri anayesimama na rubani wake tangu siku barua ya uchunguzi inapofika anawalinda abiria. Anayemwacha apambane peke yake anawafundisha marubani wengine wote kunyamaza, na ndege zinazorushwa na watu walionyamaza ni ndege za hatari. Ila kusimama na rubani kuna namna yake. Yapo matendo yanayoonekana kuwa msaada kumbe yanamzamisha, na hayo nayo nitayagusa.

Siku kumi

Mfano wangu mkuu utakuwa Marekani, kwa sababu huko utaratibu huu umeandikwa kwa kina na kubishaniwa kwa miaka mingi.

Chukulieni rubani wa ndege ndogo ya jeti inayowapeleka wakurugenzi wa kampuni mikutanoni. Waongozaji ndege wamempa kibali cha kupanda hadi futi 10,000. Anapita kwa futi 700 kabla ya kugundua na kushuka. Hakuna ndege nyingine iliyokuwa karibu, hakuna abiria aliyehisi lolote. Wiki chache baadaye anapokea barua kutoka Mamlaka ya Shirikisho ya Anga, FAA. Barua ni fupi. Inataja tarehe, saa, namba ya usajili wa ndege, mahali tukio lilipotokea, na kifungu cha kanuni kinachodhaniwa kuvunjwa. Mwishoni inamkaribisha atoe maelezo yake, kwa kawaida ndani ya siku 10.

Lugha ya barua hiyo ni ya upole, na watu wengi wanaponzwa na upole huo. Rubani mwaminifu anaisoma, moyo unamwenda mbio, anakaa usiku kuandika kurasa tatu za kujieleza: alichoka, alikuwa anaongea na mwenzake, aliisahau swichi fulani. Kila sentensi aliyoiandika kwa nia njema inaweza kutumika kuwa ushahidi dhidi yake.

Agosti 2012 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Marubani. Aliyeisukuma ni Seneta Jim Inhofe wa Oklahoma, rubani mwenyewe, ambaye Oktoba 2010 alitua Texas kwenye barabara ya ndege iliyokuwa imefungwa kwa ukarabati huku mafundi wakiwa kazini. Sheria hiyo inaitaka FAA imjulishe rubani anachunguzwa kwa jambo gani, imwambie kwamba halazimiki kujibu, na kwamba akijibu, majibu yake yanaweza kutumika dhidi yake. Kunyamaza kwake hakuruhusiwi kuchukuliwa kuwa dalili ya kosa. Pia anayo haki ya kupata data za uongozaji wa ndege zinazohusu tukio lake.

Ni sheria nzuri. Lakini inamkinga rubani mbele ya serikali tu. Alasiri ile ile barua ilipofika, mkuu wa marubani wa kampuni anaweza kumwita ofisini, akamfungia mlango, akamwambia: “Kaa hapa, niandikie kila kitu kilichotokea.” Karatasi hiyo hailindwi na usiri wa wakili na mteja. Mamlaka inaweza kuiomba, na kampuni inaweza kuikabidhi. Haki ambayo Bunge la Marekani lilitumia miezi kuijadili inaweza kupotea ofisini kwa nusu saa, na mara nyingi aliyeipoteza hakujua kwamba alikuwa nayo.

Kesi ikiendelea, FAA inaweza kusimamisha leseni kwa siku kadhaa au kuifuta kabisa. Aliyefutiwa kwa kawaida husubiri mwaka mzima kabla ya kuomba tena, na hapo huanza upya kutahiniwa. Anaweza kukata rufaa mbele ya jaji wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB. Ikitolewa amri ya dharura, leseni inakufa siku hiyo hiyo, na rubani anazo siku 2 tu za kumwomba jaji apime kama dharura hiyo ni ya kweli. Siku mbili za kumtafuta mwanasheria anayeijua sheria ya anga, kumlipa, na kukusanya nyaraka ambazo sehemu kubwa zimo kwenye makabati ya mwajiri.

Hata adhabu ikiisha, kumbukumbu haiishi. Baada ya ndege ya shirika la Colgan kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 iliyozaa hazina ya data ya marubani. Humo huingia hatua za kisheria alizochukuliwa rubani, na pia yale ambayo mwajiri ameandika juu ya nidhamu yake na namna alivyoondoka kazini. Taarifa hizo hukaa kwa maisha yake yote. Kalamu ya mwajiri, basi, ina uzito karibu sawa na wa mkaguzi wa FAA.

Nani ana wakili?

Marubani wa mashirika makubwa ya Marekani wana kimbilio. Chama chao kikuu, ALPA, kilianzishwa mwaka 1931 na kina wanasheria wanaoifanya kazi hii mwaka hadi mwaka. Barua ikifika, rubani anapiga simu moja.

Yule wa jeti ya wakurugenzi hana chama. Kadhalika rubani wa ndege ya kukodi, wa ndege ya wagonjwa, wa kunyunyizia mashamba dawa. Kwa hao, mwajiri ama ndiye msaada pekee ama hakuna msaada. Na kampuni nyingi za aina hiyo hazijawahi kujiuliza zitafanya nini barua ikifika. Zinaanza kufikiri siku ileile ya hofu, na hofu ni mshauri mbaya. Bosi mmoja anasema tumfukuze haraka ili tuonekane safi. Mwingine anasema tumtetee kwa kila hali, ni kijana wetu. Wa tatu anasema wakili wetu wa kampuni alishughulikie.

Hapa kwa wakili wa kampuni naomba tukae kidogo, maana ndipo wema unapogeuka mtego.

Kampuni nayo inaweza kuchunguzwa, na tukio moja linaweza kuzaa mashauri mawili: moja dhidi ya rubani na jingine dhidi ya kampuni. Hapo masilahi yao yanaachana njia. Turudi kwa yule rubani aliyepita futi 10,000. Tuseme karatasi ya zamu inaonyesha kwamba usiku uliotangulia aliingia hotelini saa sita, akaitwa kazini kabla ya alfajiri. Tuseme pia daftari la matengenezo lina maandishi ya rubani mwingine, wiki moja nyuma, akilalamika kwamba kengele inayotahadharisha ndege inapokaribia kimo kilichopangwa hailii kila mara. Karatasi hizo mbili zinaweza kumpunguzia rubani adhabu, pengine kumwondolea kabisa. Karatasi hizo hizo zinaweza kuitia kampuni matatani kwa kuchosha watu na kurusha ndege yenye kasoro. Sasa, wakili anayelipwa na kampuni na kuitetea kampuni, akiziona karatasi hizo, atazipeleka wapi?

Ni mtihani mzito hata kwa wakili mcha Mungu, na njia ya haki ni kutomtia kabisa katika mtihani huo. Kampuni itoe fedha. Rubani achague wakili wake. Wakili awajibike kwa rubani peke yake. Iandikwe kwenye mkataba kwamba mlipaji hana haki ya kujua wanayoongea. Pale ambapo masilahi yanalingana, mawakili wa pande mbili wanaweza kushirikiana, na mara nyingi hushirikiana. Yakigongana, rubani anakuwa na mtu wake.

Kwa nini jambo hili ni la abiria

Kuna watakaouliza: haya ni mambo ya ajira, yanamhusu nini mama aliyekata tiketi kwenda kumwona mwanawe?

Desemba 1, 1974, Boeing 727 ya shirika la TWA ilikuwa inakaribia Washington katika hali mbaya ya hewa. Waendeshaji waliuelewa vibaya utaratibu wa kukaribia uwanja, wakashuka mapema, na ndege ikagonga mlima Weather huko Virginia. Watu wote 92 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi uligundua jambo la kuumiza. Wiki sita kabla, ndege ya shirika la United ilikuwa karibu kugonga mlima uleule kwa kosa lilelile. Marubani wake waliliripoti, kwa sababu mwajiri wao alikuwa na utaratibu wa ndani wa kupokea taarifa bila kumwadhibu anayezitoa. United ikawaonya marubani wake. Onyo hilo halikuwafikia TWA.

Kila rubani wa United alikuwa salama juu ya mlima ule kwa sababu mwenzao aliweza kusema “tulikosea” bila kuogopa mkate wake. Abiria wa TWA walikufa mahali ambapo habari hiyo haikuwa imefika.

FAA ilijaribu mwaka 1975 kuanzisha utaratibu wa kitaifa wa taarifa za hiari, lakini ni rubani gani angeenda kujishtaki kwa mwenye kiboko? Mwaka 1976 kazi ya kupokea taarifa ikakabidhiwa shirika la anga za juu, NASA, ambayo haina mamlaka ya kumwadhibu rubani. Hadi leo, rubani wa Marekani aliyekosea bila kukusudia akituma taarifa NASA ndani ya siku 10, na akawa ametimiza masharti mengine, anaweza kusamehewa adhabu hata kama kosa litathibitika. Taarifa zilizokusanywa zimepita milioni moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika usafiri wa anga, kifo hicho huwaumbua na wasiokuwa na habari.

Angalieni sasa nafasi ya mwajiri katika utaratibu mwingine uliofuata. Mwaka 1994 shirika la American Airlines lilianza mpango ambao pande tatu, yaani kampuni, FAA na chama cha marubani, hukaa meza moja kupima taarifa ya rubani aliyejitokeza mwenyewe, na kukubaliana kwa kauli moja la kufanya. Mara nyingi huishia kwenye mafunzo badala ya adhabu. Mpango huo ulienea katika mashirika mengi. Lakini mwaka 2008, palepale American Airlines, ulisimama kwa muda. Serikali haikuufunga. Kampuni na chama walishindwa kuafikiana juu ya kinga ya rubani dhidi ya nidhamu ya kampuni yenyewe. Serikali ilikuwa tayari kusamehe, swali likawa kama mwajiri naye yuko tayari. Mpango ulifufuliwa baadaye, ila fundisho limebaki: rubani anaangalia mikono miwili, wa mamlaka na wa mwajiri, na mmoja ukiwa na fimbo atafunga mdomo.

Ulaya imeliona hilo na kulitungia sheria. Kanuni namba 376 ya mwaka 2014 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Novemba 2015, inamkataza mwajiri kumdhuru mfanyakazi kwa sababu ya taarifa ya usalama aliyoitoa, isipokuwa pale alipofanya kwa makusudi au alipopuuza hatari iliyo wazi kwa kiwango cha kutisha. Kila taasisi inatakiwa iwe na kanuni zake za ndani, zilizojadiliwa na wawakilishi wa wafanyakazi, zinazoeleza haki hiyo italindwaje. Na mfanyakazi anayeona haki hiyo imevunjwa ana chombo cha kukimbilia.

Mipaka

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba haya yote ni kumkumbatia mkosaji kwa fedha za kampuni. Naiheshimu hoja hiyo, na jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, mipaka ipo na sharti iwepo. Mpango wa pande tatu niliouelezea unawatoa nje wenye makosa ya jinai, ulevi, dawa za kulevya, udanganyifu wa makusudi, na kupuuza usalama kwa makusudi. Mwajiri naye aichore mipaka hiyo hiyo. Rubani aliyeingia chumbani mwa ndege akinuka pombe, au aliyeghushi saa zake za kuruka, asitegemee kampuni imlipie wakili. Ila mpaka uandikwe kabla, ujulikane na wote, na usiamuliwe na mtu mmoja mwenye hasira.

Pili, kumpa mtu wakili si kusema hana kosa. Wakili mzuri ndiye anayemsaidia aliyekosea akiri lililo la kukiri, kwa wakati wake na kwa namna yake, na akatae lisilo lake. Tangu 2015 FAA yenyewe imebadili mwelekeo: kosa lisilo la makusudi, la mtu aliye tayari kujirekebisha, hutatuliwa kwanza kwa ushauri na mafunzo, na hatua za kisheria huwekwa kwa wakaidi, wazembe wa kupindukia na wanaorudia. Hapa ndipo mwajiri ana nguvu kuliko mtu mwingine yeyote. Anaweza, wiki hiyo hiyo, kumpeleka rubani kwenye mtambo wa mafunzo, kurekebisha orodha ya ukaguzi ya chumba cha rubani, kuitengeneza ile kengele isiyolia, na kupunguza zamu za usiku. Mkaguzi akifika anakuta kasoro imeshughulikiwa, na swali la adhabu linapoteza makali. Msaada wa namna hiyo unamrekebisha rubani na kuirekebisha kampuni kwa pamoja. Wakili anashauri lipi lisemwe na lini. Mafunzo yanaanza bila kusubiri.

Msaada wenyewe

Niseme basi kwa uwazi msaada ninaoudai una nini ndani yake.

La kwanza ni sera iliyoandikwa kabla ya tukio, itakayokaa kwenye mwongozo wa kampuni, ikieleza nani apigiwe simu, fedha zitatoka wapi, na mipaka ni ipi. Kampuni ndogo isiyo na uwezo wa kulipa mawakili kila mara inaweza kukata bima ya utetezi wa leseni, au kumlipia rubani ada ya mpango wa kisheria wa chama cha kitaaluma. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya ndege moja iliyokaa chini bila rubani.

La pili ni wakili wa rubani mwenyewe, kama nilivyosema. Kabla hajaonana na wakili huyo asidaiwe maelezo ya maandishi, isipokuwa yale ambayo sheria inayataka. Kampuni ina haja halali ya kujua haraka kama kuna hatari inayoendelea. Iulize hilo tu. “Ndege ina tatizo?” ni swali la usalama. “Kwa nini ulifanya hivyo?” ni swali la wakili.

La tatu ni kulinda nyaraka. Siku ya tukio, karatasi za zamu, daftari la matengenezo, kumbukumbu za mafunzo, mpango wa safari na data za ndege zifungiwe zisiguswe, na rubani apewe nakala, pamoja na zile zinazoichoma kampuni. Hapa ndipo uaminifu wa mwajiri unapopimwa kweli kweli, kwa kuwa ni rahisi kumpigia mtu makofi ya faraja begani na ni vigumu kumkabidhi karatasi inayokushtaki.

La nne ni mshahara na kazi. Rubani anayechunguzwa anaweza kutoruka, na huenda ni busara asiruke kwa siku chache. Lakini apumzishwe kwa malipo, apewe kazi ya ardhini yenye maana, kama kupanga safari au kufundisha darasani. Mtu aliyekatiwa kipato atakubali adhabu yoyote ili yaishe, hata isiyomstahili, na kosa la mfumo litabaki palepale likimsubiri rubani mwingine.

La tano ni utu wake. Uchunguzi unaweza kuchukua miezi. Katika miezi hiyo rubani anaogopa hata kwenda kwa daktari kusema halali usingizi, kwa sababu cheti chake cha afya nacho kiko hatarini. Wenzake wanamkwepa, kama vile mkosi unaambukiza. Makampuni mengi ya Marekani na Ulaya sasa yana marubani waliofunzwa kuwasikiliza wenzao kwa siri, na panapohitajika kuwaunganisha na wataalamu. Hata pasipokuwa na mpango rasmi, mkuu wa marubani anaweza kupiga simu kila wiki. Asiulizie kesi. Aulize habari za nyumbani, na amwambie zamu yake bado inamsubiri.

Huku kwetu

Nimekaa sana ughaibuni, sasa nirudi karibu. Nchi zetu ni wanachama wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga. Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo kinasema lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Kiambatisho cha 19, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinahusu usimamizi wa usalama na kinazitaka nchi zilinde taarifa za usalama na wanaozitoa. Kenya na Tanzania zina mamlaka zao za anga zenye uwezo wa kusimamisha leseni, na wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA, wenye makao Entebbe, unasaidia kuoanisha kanuni za nchi wanachama.

Sasa nendeni alfajiri uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, au wa Arusha, au Zanzibar. Mtawaona vijana wa miaka ishirini na kitu wakipakia watalii kwenye ndege za injini moja, wakienda Maasai Mara, Serengeti, Mafia, wakitua kwenye viwanja vya vumbi ambako swala huvuka mbele ya magurudumu. Wengi wameajiriwa na kampuni ndogo. Wazazi wao waliuza shamba au walikopa ili wapate leseni ile. Barua ikimfika mmoja wao, hana simu moja ya kupiga. Huyo ndiye pacha wa yule rubani wa jeti ya wakurugenzi kule Marekani, na tofauti ni kwamba pengine mshahara wake wa mwezi hautoshi kumlipa wakili wa siku moja.

Kijana huyo anajua habari ambazo hakuna ofisi inazijua: kiwanja gani kimelika na mvua, ndege gani breki zake zinavuta upande mmoja, meneja gani anawasukuma wapae wakati wingu limefunga. Akiamini kwamba mwajiri atasimama naye, atazisema. Asipoamini, atazibeba kimya hadi siku ambayo hazitakuwa habari tena, zitakuwa ajali.

Kwa hiyo ombi langu kwa waajiri mliomo ukumbini ni la kazi ya wiki hii. Fungueni mwongozo wa kampuni yenu mtafute ukurasa unaosema mtafanya nini mamlaka ikimwandikia rubani wenu. Kama haupo, uandikeni pamoja na marubani wenyewe, na wekeni fedha nyuma ya maneno. Kwenu mamlaka: mnapokagua kampuni, ulizieni ukurasa huo kama mnavyoulizia vizima-moto, na mwajiri aliyerekebisha kasoro mapema mumwone kuwa mshirika. Nanyi marubani vijana, mnapoitwa kwenye usaili mkaulizwa kama mna swali, ulizeni hili kabla ya kuuliza mshahara: barua ikinifikia, ninyi mtakuwa wapi? Mwajiri mwenye jibu tayari ndiye wa kumrushia ndege. Asiye na jibu msimpe saa zenu hadi alipate, kwa sababu nyuma yenu wamekaa watu ambao hawakupewa nafasi ya kuuliza.